Muulizeni habari za sikio

Hotuba ya mwalimu mstaafu katika ukumbi wa parokia, Moshi mjini, Siku ya Usikivu Duniani, 3 Machi

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, vijana, nanyi wauguzi mliokuja na mashine ya kupimia masikio, hamjambo.

Kabla sijaanza nina ombi. Mwenye swali aje asimame upande huu, mkono wangu wa kulia. Sikio la kushoto halinisaidii tena mahali penye watu wengi. Hata linaposikia, linasikia kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Nawaambia mapema ili asije mtu akaniuliza jambo, nikanyamaza, akaondoka akisema mwalimu siku hizi ana dharau. Yalinikuta sokoni Kiboriloni, na mama yule mpaka leo hanisalimii kama zamani.

Nimefundisha shule za msingi miaka 34, nikianzia Kibosho na kumalizia hapa mjini. Kwaya nimeimba tangu usichana, sauti ya pili. Leo nimeombwa nizungumze juu ya kizunguzungu kinachotoka sikioni, kwa sababu nimeishi nacho, na kwa sababu kilinichukua miaka minne kujua jina lake. Miaka minne hiyo ndiyo iliyonileta hapa mbele yenu. Sitaki mtu mwingine wa Moshi aipoteze kama mimi.

Nilikuwa na miaka 46, tunajiandaa kwa Pasaka. Siku hiyo sikio la kushoto liliamka limeziba, kama linavyoziba gari likishuka kutoka Marangu kuja mjini. Nikameza mate, nikapiga miayo, halikuzibuka. Jioni tukaenda mazoezini. Kinanda kikapiga noti moja, mimi nikasikia mbili: kulia noti ileile niijuayo, kushoto imepanda kidogo na ina mkwaruzo. Nikamwambia mpiga kinanda chombo kimeharibika. Wenzangu wakatazamana. Tulipoanza kuimba nikagundua jambo la kunitisha zaidi: sauti ya nne, wanaume tisa waliosimama kushoto kwangu, sikuwa nawasikia. Nilikuwa naona midomo tu. Badala yao ulikuwepo mvumo mzito ndani ya sikio, kama mashine ya kusaga ya jirani ukiisikia usiku umelala.

Halafu ukumbi ukaondoka. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kupatwa. Wengi wakisema kizunguzungu wanamaanisha kichwa chepesi, macho kuingia giza ukisimama ghafla. Hiki si hicho. Ukuta ulikwenda kushoto, ukakatika, ukaanza upya, ukaenda tena kushoto, bila kupumzika. Nilishika benchi, benchi nalo likaenda. Nilifumba macho, giza lenyewe likawa linazunguka. Nilitapika mpaka nikatapika nyongo. Akili zangu zote zilikuwepo, nilimjua kila aliyenishika, nilisikia kila neno kwa sikio la kulia, lakini kuinua kichwa sikuweza. Ilidumu saa tatu hivi. Walionishika walisema macho yangu yalikuwa yanachezacheza, yanaruka upande upande, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akaanza kukemea pepo. Kesho yake niliamka mchovu, sikio zito, lakini nimetulia. Jumatatu nilikuwa darasani.

Baada ya hapo yakawa yanakuja. Mara moja kwa miezi mitatu, kisha mara mbili kwa mwezi, kisha miezi sita kimya mpaka nikatoa shukrani kanisani, kisha yakarudi mara tatu ndani ya wiki moja.

Nilikwenda zahanati moja, nikatibiwa malaria. Nikaenda kituo cha afya kimoja, nikapimwa presha, nikapewa dawa za presha. Mahali pengine nikaambiwa ni upungufu wa damu, kwingine minyoo, kwingine umri wa kukoma hedhi. Siwalaumu kwa kupima presha wala malaria, hivyo ni vitu vya kupimwa. Lakini katika miaka minne hakuna aliyeniuliza: masikio yako yakoje? Na mimi mwenyewe sikusema. Niliona sikio ni jambo lake na kizunguzungu ni jambo lake. Nilidhani lina nta, nikawa nalitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

Huko nje nako watu walikuwa na jina lao. Ukimwona mwalimu anashika ukuta saa nne asubuhi, miguu inapishana, anatapika nyuma ya darasa, na hapa kwetu mbege, pombe ya ndizi, haikauki, utasema nini? Mwalimu mkuu wangu wa wakati ule aliniita ofisini, akasogea karibu sana wakati tunazungumza. Nilielewa kwamba ananusa. Sijawahi kuwa na aibu kubwa kuliko ile, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Aliyeniokoa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, binti mdogo aliyekuwa anajifunza kazi, ameshika karatasi yenye orodha ya maswali. Alifika kwenye swali la masikio akaliuliza kwa sababu liliandikwa. Nilipomjibu kwamba la kushoto huziba kabla sijaanguka, akainua uso. Akaniuliza tena. Kisha akaenda kumwita daktari.

Baadaye nilipojisomea nilikuta kwamba ugonjwa huu wote ulijulikana kwa swali lilelile. Tarehe 8 Januari 1861 daktari Mfaransa aitwaye Prosper Ménière alisimama mbele ya wakubwa wa tiba mjini Paris akawasomea habari za wagonjwa wake. Tangu 1838 alikuwa daktari wa taasisi ya viziwi mjini humo, kwa hiyo masikio aliyajua. Enzi hizo mtu akianguka kwa kizunguzungu na kutapika, madaktari walisema damu imejaa ubongoni, wakamtoa damu: kumpiga chuku, kumbandika ruba, kumkata mshipa. Ménière akasema: wagonjwa hawa hawapoozi, hawafi, kesho yake wanatembea, lakini waulizeni, watawaambieni kwamba sikio linavuma na linapungua kusikia. Basi chanzo tukitafute ndani ya sikio. Alikufa mwaka uliofuata, 1862, na ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake. Huo ndio ugonjwa wangu. Daktari akisema Ménière, mnatamka Menieri, yatosha.

Sasa niwe mwalimu kidogo, nanyi mnivumilie.

Sikio la ndani limechimbwa kwenye mfupa, nyuma kidogo ya hapa ninapogusa. Lina kazi mbili. Upande mmoja kuna kitu kilichojizungusha kama konokono, mizunguko miwili na nusu, ukubwa wake kama mbaazi. Wataalamu wanakiita koklea, na hicho ndicho cha kusikia. Upande wa pili kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, na vifuko viwili chini yake, na hivyo ni vya kukufanya usimame wima. Mfereji mmoja unajua ukiinamisha kichwa kusema ndiyo, mwingine ukikitikisa kusema hapana, wa tatu ukikilaza begani. Vifuko vinajua juu ni wapi na chini ni wapi. Vyote hivi, koklea na mifereji na vifuko, vimeunganika ndani kwa ndani na vinashiriki majimaji yaleyale. Hapo ndipo penye siri yote. Ndiyo maana jambo moja likiharibika linachukua kusikia na kusimama kwa pamoja.

Majimaji hayo yako namna mbili. Kuna ya nje, yenye sodiamu nyingi, karibu na chumvichumvi ya mwili mzima. Ndani yake kuna mrija wa utando mwembamba mno, nao umejaa majimaji mengine, endolimfu, yenye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ukiyakusanya yote ya sikio moja hayajazi hata kijiko cha chai. Lakini lazima yabaki kila moja mahali pake.

Ninyi wa Kibosho, Uru, Machame, Old Moshi, mnajua mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Maji yanatoka mtoni juu kwenye banio, yanafuata mfongo kwa zamu mpaka kihamba cha mwisho, yaani shamba la nyumbani la mwisho. Banio likileta maji kama kawaida, lakini huko chini mtu amejaza majani na magogo kwenye njia ya kutokea, nini kinatokea? Kingo zinavimba, zinalegea, mwishowe maji yanapasua mahali palipo dhaifu, yanaingia kwenye migomba ya mtu ambaye zamu si yake. Endolimfu nayo inatengenezwa ndani ya koklea na kunyonywa tena na kifuko kimoja kilichoko nyuma ya mfupa, kuelekea ubongo. Kwenye Ménière yanajaa kuliko yanavyotoka. Utando unavimba. Wataalamu wengi wameeleza shambulio hivi: utando unachanika, potasiamu ya ndani inamwagika nje, mishipa ya fahamu inashtuka kisha inazimika. Utando ukijiziba na maji yakarudi mahali pake, unapona mpaka siku nyingine. Kwa nini maji yajae kwa mtu fulani na si kwa jirani yake, sayansi bado haijapata jibu moja.

Uvimbe huo wenyewe ulionekana kwa macho mwaka 1938, miaka 77 baada ya Ménière kusema. Hallpike na Cairns kule London, na Yamakawa kule Japani, kila upande kivyake, walichunguza mifupa ya masikio ya watu waliokufa wakiwa na ugonjwa huu, wakakuta mrija wa ndani umetutumka.

Koklea inasikia sauti nyembamba mwanzoni mwake na sauti nzito kule kwenye ncha. Ménière kwa kawaida huanza kula sauti nzito. Ndiyo maana mimi sikupoteza wenzangu wa sauti ya kwanza. Niliwapoteza wanaume wa sauti ya nne. Uziwi wa uzee, au wa kelele za mashine, huanza kwenye sauti nyembamba. Kwa hiyo mstari wa kipimo cha usikivu ambao dada muuguzi atauchora leo kwenye karatasi yako si mapambo. Unaeleza mengi.

Lakini mstari huo kwa mgonjwa wa Ménière hupanda na kushuka, hasa miaka ya mwanzo. Mimi nilipimwa mara ya kwanza siku sikio limetulia, ikaonekana niko sawa. Nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Daktari alikuwa ameniambia rudi siku likiziba, usingoje miadi, na nikarudi, na mstari ukaonekana umeshuka. Nawaombeni mlikumbuke hili: kipimo kizuri cha siku moja hakijakuambia huna kitu. Ndani ya kila koklea kuna chembe hai zenye vinywele, takriban 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Miaka ya mwanzo sikio linashuka na kurudi. Miaka ikipita linashuka na kubaki. Mimi nilifika kwa daktari nikiwa nimekwisha kuipita nusu ya njia hiyo.

Si kila kizunguzungu ni Ménière, nisije nikawatia watu hofu. Kipo kinachotokea ukigeuka kitandani au ukitazama juu kuchukua kitu kabatini, kinazunguka kwa nguvu sekunde chache, chini ya dakika moja, kisha kinakwisha. Hicho husababishwa na vipunje vya chokaa vilivyotoka kwenye kifuko vikaingia kwenye mfereji, na mtaalamu anaweza kuvirudisha kwa kukugeuzageuza kichwa pale kitandani, bila dawa. Kipo kingine kinachoshika siku kadhaa mfululizo bila sikio kupungua kusikia. Hicho ni cha mshipa wa fahamu kuvimba. Vipo vya kipandauso. Ménière lenyewe shambulio hudumu kati ya dakika 20 na saa 12, hurudi zaidi ya mara moja, na huja pamoja na sikio: kuziba, kuvuma, kupungua. Mara nyingi huanza kati ya miaka 40 na 60, na mara nyingi sikio moja, ingawa kwa wengine la pili hufuata. Daktari atataka pia kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa sikio, na huo huonekana kwa kipimo cha picha kiitwacho MRI. Anaweza kukupima kaswende, msimkasirikie. Kaswende ya zamani inaweza kuigiza ugonjwa huu, na inatibika.

Mambo mawili hayangoji. Kizunguzungu kikija na mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili au kichwa kupasuka ghafla, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Mtafutie gari sasa hivi. Na sikio likizimika ghafla, leo linasikia kesho halisikii, hata bila kizunguzungu, nenda siku hiyohiyo. Dawa za kuliokoa zinafaa zaidi siku za mwanzo. Wiki zikipita nafasi inapungua sana. Hapa Moshi hatuna kisingizio: hospitali ya rufaa ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Watu wanakuja kutoka mikoa mingine, sisi tunapita mbele ya geti kwenda sokoni.

Nije kwenye chakula, maana najua kina mama mmekaa mnangoja hapo.

Jambo la kwanza mgonjwa wa Ménière huambiwa ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima yeyote asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nikiwemo mimi na wewe usiye na ugonjwa wowote. Ushahidi kwamba kupunguza chumvi huzuia mashambulizi si mzito kama tungependa, niseme ukweli, lakini kwa kawaida halimdhuru mtu na presha pia hunufaika. Mimi niliacha chumvi ya mezani, nikajisifu. Sikuwa nimefikiri juu ya magadi. Magadi ni sodiamu vilevile! Kiburu, yaani ndizi na maharage, tunatia magadi, maharage tunatia magadi yaive haraka, mboga tunatia magadi zibaki na kijani. Kisha vile vipande vya kiungo cha mchuzi, kisha dagaa wa chumvi. Niliyapima nikaona nilichoondoa kwa mkono wa kulia nilikuwa nakirudisha kwa wa kushoto. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Moto utatumia zaidi kidogo, hilo ni kweli.

Na kahawa. Kuwaambia watu wa Kilimanjaro wapunguze kahawa ni jambo zito, wengine hapa tumesomeshwa na kahawa. Wagonjwa wengi huambiwa wapunguze kahawa na pombe kwa sababu wengine huona zinawachokoza. Kwangu mimi kahawa haikuonekana kuleta tofauti. Kukosa usingizi ndiko kulikoniangusha. Kila mtu ajichunguze mwenyewe, kwa daftari. Nitarudi kwenye daftari.

Kuhusu dawa nitasema machache, daktari wako atasema mengi. Zipo za kutuliza shambulio lenyewe, za kichefuchefu na kizunguzungu. Hizo ni za saa ile, si za kumeza kila siku mwaka mzima, maana zikizidi zinauzuia ubongo kujifunza kusimama upya. Ipo betahistini, ambayo wengi wetu tumeimeza. Mwaka 2016 Wajerumani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 221: wengine walipewa dozi kubwa ya betahistini, wengine ndogo, wengine vidonge visivyo na dawa. Mashambulizi yalipungua kwa wote, wala makundi hayakutofautiana.

Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu lilinieleza jambo jingine. Mwaka wa pili wa ugonjwa wangu, ndugu wa mume walikaa kikao. Wakasema ni mambo ya ukoo, mbuzi akachinjwa. Nilikaa miezi minne bila kuanguka. Kila mtu akasema unaona. Mimi mwenyewe nilisema naona. Mwezi wa tano nikaangukia jikoni. Ugonjwa huu una tabia ya kulala na kuamka wenyewe. Chochote ulichofanya siku moja kabla haujalala, utakiheshimu: mbuzi, mzizi, kidonge, maombi ya mkesha. Siwadharau walionichinjia mbuzi yule, walinipenda. Ila miezi minne ile sikio liliendelea kufa na hakuna aliyelipima.

Vidonge vikishindwa, daktari wa masikio ana sindano ya kupitisha kwenye kiwambo cha sikio, ya dawa za kupunguza uvimbe. Na kuna jentamisini. Wauguzi mnaijua, inatibu maambukizi makali, imetolewa kwa sindano nchi nzima. Dawa hiyohiyo ina sumu kwa zile chembe zenye vinywele. Daktari huitumia kwa makusudi, kidogo sana, ndani ya sikio bovu, kuua upande wa kizunguzungu ili ubongo utegemee sikio zima. Inasaidia, lakini usikivu uliobaki unaweza kuondoka nayo. Mimi bado sijaikubali. Sasa fikiri: kama tone hilo lina nguvu hiyo, je, anayejichomea jentamisini ya duka la dawa kwa kila homa? Sindano za zamani za TB, streptomisini, nazo ziliacha watu viziwi na wayumbaji. Nanyi wa umri wangu mliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini, mnakumbuka jinsi masikio yalivyovuma? Ule mvumo kwa kawaida ulikwisha dripu ilipokwisha. Wangu umekaa. Mkitaka kujua ninachosikia sasa hivi nikiwa nimesimama hapa, kumbukeni kwinini.

Vijana wanaosema mwenye ugonjwa huu maisha yake yamekwisha, niwaambie habari ya Alan Shepard. Mwaka 1961 alikuwa Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu. Miaka miwili baadaye akapatwa na Ménière, akazuiwa kuruka. Alikaa ofisini miaka akiwatuma wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akapasuliwa sikio, ukawekwa mrija mdogo wa kupitishia majimaji, na Februari 1971 akatembea juu ya mwezi. Mwaka huohuo KCMC ilifunguliwa hapa kwetu. Madaktari mpaka leo hawakubaliani kuhusu upasuaji ule, na mimi sitafuti mwezi. Nataka kupanda ngazi za kwaya bila kushikwa mkono.

Zipo tahadhari ambazo sizifanyii mjadala. Sipandi juu ya kiti kutoa kitu. Siogi mtoni peke yangu. Mume wangu hapandi mti nikiwa mimi ndiye wa kushika ngazi. Bodaboda nilikuwa na mtoto wa dada anayeendesha, naye ana ugonjwa huu huu. Tulimsihi aache mpaka mashambulizi yatulie, akalia, akaacha, sasa anatengeneza pikipiki badala ya kuziendesha. Wengine kwenye ugonjwa huu huanguka ghafla kama waliosukumwa, bila kupoteza fahamu, bila hata kizunguzungu cha kuwaonya. Ukimwona mtu kaanguka hivyo akainuka anajua yuko wapi, usimcheke, muulize habari za sikio.

Na nyumbani, shambulio likianza, msimzunguke mtu kumi mkipiga kelele. Sikio lililopungua kusikia huumia kwa sauti kubwa. Linakosa ndogo na linachomwa na kubwa. Mlazeni pale alipo, kichwa kisitikiswe, pazia lifungwe, beseni liwe karibu. Mmoja tu akae upande wa sikio zima aseme naye polepole. Kama mna simu, mrekodini macho yake kwa sekunde 20, ule mrukoruko ambao kwaya yangu waliuita pepo. Daktari akiuona kwenye simu anapata alichokuwa hawezi kukipata siku umetulia.

Kisha daftari. Tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, sikio lilikuwaje kabla, ulikula nini, ulilala vipi, ulikuwa na wasiwasi gani. Daktari wangu alisema daftari langu lilimsaidia kuliko maneno yangu yote, kwa sababu kwenye maneno nilisema naanguka kila siku, na kwenye daftari ilikuwa mara mbili kwa mwezi.

Daftari lenyewe ninalo hapa, la kurasa 96, la nne sasa. Mwanzoni niliandika mwenyewe baada ya kupata nafuu. Siku hizi anaandika mume wangu, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kulia kwangu na saa mkononi. Ni fundi seremala, hapendi kuandika, ananikoroga na herufi zake. Niwasomee ukurasa wa mwisho, wa mwezi uliopita: “Tarehe 11. Sikio limeziba tangu jana jioni. Saa 11:20 alfajiri imeanza. Ametapika mara tatu. Macho yanaruka. Saa 1:45 imekwisha. Amekunywa uji bila chumvi, amelala mpaka saa tano. Ameamka akauliza nani anapiga besi. Ni trekta barabarani. Amelisikia kwa kushoto.”